Tumefika Wapi?

Botini, tarehe 9 mwezi wa kwanza

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na goti limepunguza kukusumbua. Sisi huku hatujambo, ila kimya kimezidi. Tangu tumshushe Chiriku pale gatini kwenu, baba yake anashika usukani bila kupiga mluzi, nami jana nimepakua sahani tatu badala ya mbili.

Sijasahau ulivyosema siku naolewa, kwamba hukunizaa nikaishi juu ya maji kama bata, na kwamba nikipanda boti ile nisipige hodi kwako tena. Ndiyo maana sikufika nyumbani. Lakini bata sasa amekuletea kifaranga, nakuomba umpokee bila kumhesabia makosa ya mama yake. Ana miaka saba, na shule haielei.

Kuna mambo inafaa uyajue. Kila kitu atakitundika msumarini, maana kwetu kisichotundikwa huanguka. Kikombe atakishika kwa mikono miwili mpaka amalize. Tangu aanze kutambaa nilikuwa namfunga kamba kiunoni, ncha ya pili kwenye pete ya jikoni, asije akatumbukia. Kamba bado ipo hapo. Na kila asubuhi, akifumbua macho tu, atauliza, "Tumefika wapi?" Usimwache bila jibu. Mimi humtajia ninachokiona dirishani: kiwanda cha matofali, daraja, ng'ombe wanaokunywa maji. Akishajua tulipo ndipo anaamka.

Shule zikifungwa mwezi wa nne tutapita hapo. Nikimkuta hana raha nitamchukua, hata kama atakua bila kujua kusoma. Nisamehe kwa kulisema mapema.

Mwanao

*

Nyumbani, tarehe 2 mwezi wa pili

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata kwa mkono wa karani wa gati, imelowa pembeni kama kila kitu kitokacho kwenu. Mimi mzima, goti ni lile lile. Poleni na upweke.

Mjukuu wangu ni mzima wa mwili. Jina ndilo mlikosea. Chiriku gani huyu asiyefungua mdomo? Anakwenda shule, anarudi, anajikunja chini ya cherehani yangu mpaka jioni. Nadhani anapenda ule mtetemo. Mwalimu anasema hajawahi kuisikia sauti yake.

Juzi aliosha vyombo, akayamwaga maji dirishani bila hata kuchungulia. Yakamwangukia mwalimu mkuu, ambaye alikuwa anakuja kuniuliza kuhusu huo ukimya. Alilowa hadi soksi. Nikamkausha kwa kitambaa cha mteja, na mteja asijue.

Neno lake pekee kwa siku nzima ni lile swali lenu. Namjibu kweli: tuko palepale, nyumba haiendi popote, amka. Anageukia ukutani. Sikukulea wewe kwa uongo na sitaanza leo. Atazoea. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na wewe mwenyewe utalikumbuka neno hili.

Mama yako

*

Botini, tarehe 20 mwezi wa pili

Mama,

Shikamoo. Miili mizima, moyo wangu ndio mgonjwa. Kwa habari ya mwalimu mkuu, baba Chiriku alicheka hadi boti ikaacha njia. Mimi nilicheka, kisha nikalia.

Mama, usimwambie palepale. Mwaka juzi tulikwama kwenye mchanga siku kumi na mbili, boti imejaa mbao, haisogei hata hatua moja. Kila asubuhi aliuliza, na kila asubuhi nilikuwa na jibu. Siku ya kwanza tulifika kwa korongo mmoja. Ya pili tulifika kwa korongo wawili. Ya tano maji yalikuwa ya kijani. Wala sikumdanganya, nilitazama tu.

Tutafunga gatini kwenu tarehe 12 mwezi wa nne. Shuka lake nimeshalifua. Kama bado hasemi, anarudi na mimi.

Mwanao

*

Nyumbani, tarehe 25 mwezi wa tatu

Mwanangu,

Marahaba. Ninyi hamjambo? Nimechelewa kujibu kwa sababu barua yako ilinikasirisha wiki nzima. Nikasema, haya, mtoto anamfundisha mama yake namna ya kuamka.

Kisha asubuhi moja akauliza, nami nikachungulia nje kabla ya kujibu. Miaka thelathini naamka chumba kile, sijawahi kuchungulia. Ukungu ulikuwa umeifunika barabara yote. Duka la mbele yetu halikuonekana, taa yake tu ilikuwa inaelea. Nikamwambia, "Tumefika kwenye taa moja."

Akaja akasimama kando yangu, miguu kaitanua kama kawaida yake. Akasema, "Twende polepole, Bibi. Hatuoni mbele."

Basi tukaenda polepole. Nilishika ukingo wa dirisha na, usimwambie mtu, niliihisi nyumba ikisogea.

Tangu hapo tumefika kwingi. Tumefika kwenye mashuka ya jirani yaliyojaa upepo, kwa fundi baiskeli anayepiga mswaki barabarani, kwenye mvua iliyonyesha upande mmoja tu wa njia. Jioni, mimi nikikanyaga cherehani, ananisimulia tulikopita. Darasani nako mdomo umefunguka. Mwalimu mkuu sasa anaomba tumpunguze sauti.

Mama yako

*

Nyumbani, tarehe 6 mwezi wa nne

Mwanangu,

Salamu sana. Sikungoja majibu yako, maana leo hakuuliza.

Aliamka, akavaa sare, akamwaga maji ya uso kwenye ndoo. Akaweka kikombe mezani, akakiacha. Nikangoja, chai yangu ikapoa. Mwisho nikauliza mimi, "Tumefika wapi?" Akanitazama kama unavyomtazama mzee anayetafuta miwani iliyo usoni mwake.

"Bibi, si tuko nyumbani?"

Nilifurahi kwanza. Sitakuficha, nilifurahi, maana miaka tisa nimekaa peke yangu humu. Kisha nikakukumbuka wewe na lile shuka ulilolifua, nikashindwa hata kutunga uzi kwenye sindano. Mama yake ni wewe. Njoo umwone, uamue mwenyewe. Lile neno la hodi nililisema kwa hasira, na limeniuma mimi kuliko wewe.

Mama yako

*

Botini, tarehe 10 mwezi wa nne

Mama yangu,

Shikamoo, na pole na goti. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu nilimsomea baba Chiriku, akazima injini ili asikie vizuri. Alikwenda jikoni, akaifungua kamba kwenye pete. Sasa tumeanikia nguo.

Keshokutwa asubuhi tutafika. Simchukui. Shuka nitakuja nalo, alitumie huko kwako.

Boti haina mlango, mama. Miaka tisa sijapiga hodi popote, sijui hata kama bado naweza. Ila nitapiga, na naomba afungue yeye. Miguu yangu itakuwa inayumba, nchi kavu hunifanya hivyo siku hizi. Nitamwuliza, "Tumefika wapi?"

Mwache anijibu mwenyewe.

Mwanao