Kwa Kalonda, Aliyekwenda Ulaya Niliyoitaka Mimi

Kalonda, rafiki yangu,

Sikuulizi habari, maana habari yako naijua: uko Lusangi, karibu na shamba la mihogo la mama yako, na majani yameanza kuota juu yako. Nakupa zangu. Niko hai. Cherehani bado inafanya kazi. Mke wangu Zaina amejifungua mtoto wa kike. Na mimi bado nakuonea wivu.

Nilifikiri mtu akifa, wivu unazikwa naye. Siku ile kamyo ilipopinduka na wewe kwenye daraja, njia ya Kabambare, nililia mpaka sauti ikanikauka, nikasema basi, sasa ni majonzi tu yaliyobaki. Kumbe haikuwa hivyo. Mwezi huu wivu umenirudia na nguvu mpya, kwa sababu ya mgeni aliyekuja nyumbani kwangu. Nitafika kwake. Kwanza acha niseme yale ambayo ulipokuwa hai nilikuwa nayameza kila ulipokaa kwenye barza yangu.

Ni mimi niliyeitaka Ulaya, Kalonda. Si wewe. Ulipotoka Lusangi kuja kusoma kwa mapadri hapa Kasongo, ulinikuta kwa baba yangu nikisoma vipande vya gazeti ambavyo yule Mgiriki wa dukani alikuwa akifungia sabuni. Kifaransa changu nilikipata hivyo, sabuni kwa sabuni. Ramani ya Ulaya nilipewa na karani mmoja aliyehamishwa, nikaibandika ukutani juu ya cherehani. Nilijua bandari ya Anvers iko wapi wakati wewe hukujua hata Kindu iko upande gani. Na wewe ulikuwa unaogopa mto Lualaba! Tulipokwenda Nyangwe kununua samaki ulifumba macho ndani ya mtumbwi, ukanishika mkono kwa nguvu mpaka ng'ambo, na wavuvi wakatucheka wakiuliza kama nimeoa.

Lakini shule ilikuwa ya waliobatizwa. Baba alisema sisi ni Waislamu tangu babu zake, hatuwezi kubadili dini kwa ajili ya ubao na chaki. Sikumlaumu, na leo pia simlaumu. Mimi nikabaki na sindano, wewe ukasoma, ukawa fundi seremala wa misheni. Na mapadri walipotaka kupeleka seremala mmoja Ubelgiji akaongeze ujuzi, ulikuja kwangu umekunja uso kama mtu aliyeitwa na polisi.

"Ramazani, banataka nipande mashua kubwa," ulisema. "Mimi nitakufa mu maji."

Ulikuwa unanililia mimi! Nilitaka kukupiga. Badala yake nikachukua futi, nikakupima mabega, nikakushonea koti. Sikuwahi kuona baridi ya huko, kwa hiyo nilikisia tu: nikatia blanketi ndani, nikaweka shingo ya kupanda mpaka masikioni. Uliondoka Kasongo juu ya kamyo ya pamba umelivaa kwenye jua kali, jasho linakutiririka, na wanawake wa sokoni wakapiga vigelegele. Nilibaki njiani na vumbi usoni. Nikawaza kwamba koti langu litafika, mimi sitafika.

Ulirudi baada ya misimu miwili ya mvua. Koti hukurudi nalo. Watu wakajaa kwenye barza yangu kukusikiliza, na mimi nakanyaga cherehani. Ulisema shule ilipofungwa wenzako walikwenda makwao, na wewe hukutaka kukaa peke yako kwenye bweni tupu. Ukabeba salamu za mapadri wetu kwenda kwa mama zao, mmoja mmoja, bila kitu mfukoni. Huku unapanda gari la maziwa, huku unatembea, huku unaazimwa baiskeli. Mama wa padri huyu anakulaza, asubuhi anakuandikia jina la shangazi yake wa kijiji cha mbele, shangazi naye anakupeleka kwa mchungaji wa ng'ombe. Kila nyumba unatengeneza kitu: ngazi, mlango, mguu wa meza. Kila nyumba unakula viazi. Kulikuwa na mzee mmoja aliyekukalisha dirishani ili majirani waone nani yuko mezani kwake, na nyumba nyingine walifunga mlango walipoona sura yako, ukalala kwenye majani makavu pamoja na farasi.

Mambo yenyewe yalikuwa makubwa, lakini ulikuwa unayasimulia vibaya, Mungu akusamehe! Majina ya miji uliyasahau, mimi ndiye niliyekukumbusha kwa kutazama ramani. Nilikuuliza nyumba zao zinanuka nini, ukasema, "Zinanuka nyumba." Nilikuuliza theluji inalia vipi ukiikanyaga. Ukasema hukuangalia. Na siku niliyokuuliza bahari ikoje, mimi niliyeitamani bahari kuliko kitu chochote, ulikuna kichwa ukaniambia:

"Ni maji tu, ndugu yangu. Maji mengi."

Nilikata uzi kwa meno ili nisikujibu. Nikawaza: Mungu amempa jicho asiyejua kutazama. Tangu siku ile wivu wangu ulichanganyika na dharau kidogo, na dharau ile ndiyo iliyoniwezesha kukuvumilia.

Sasa sikia kilichotokea.

Kijana mmoja Mzungu alishuka kutoka kamyo ya pamba mbele ya misheni, ana mfuko mgongoni, uso mwekundu kwa jua. Alipata kazi kwenye kampuni ya pamba huko Kongolo, na likizo yake ya kwanza akaamua kukutafuta. Jina lake Kareli. Unamjua kuliko mimi: mtoto wa yule mwoka mikate uliyekaa kwao muda mrefu. Hakuna aliyewaambia kwamba umekufa. Mapadri ndio waliomwambia, na yeye badala ya kulala misheni akauliza, "Na Ramazani, fundi wa nguo, yeye yuko?"

Nilimwona anakuja mtaani kwetu, watoto wamemfuata, wazee wa msikitini wamesimama kumtazama. Akafika akavua kofia. Akaniambia kwa Kifaransa kwamba wewe ulilala kwao, na yeye anaomba kulala kwangu. Unajua mambo ya serikali: Mzungu halali mtaa wa watu weusi, na wa Waislamu ndio kabisa. Nilisimama pale natafuta maneno ya kumkatalia bila kumvunjia heshima. Zaina akatokea nyuma yangu na mtoto mgongoni.

"Baba Amisi, mugeni anasimama mu jua, na weye unamuangalia tu? Ao unangoja serikali ikuandikie barua? Aingie."

Akaingia. Akala ugali wetu wa bukari na sombe ya majani ya mihogo kwa mkono, vibaya kama mtoto. Asubuhi, kama nilivyotegemea, polisi akaja kuniita kwa mkubwa wa teritware, Mzungu wa serikali. Kareli akakataa niende peke yangu. Mkubwa alimuuliza yeye, mimi hakunitazama: nyumba ya wageni ipo, ya nini kulala huku? Kareli akajibu, "Kalonda alilala kwenye kitanda changu, mimi nikalala juu ya magunia ya unga. Baba yangu hakuitwa na mtu." Mkubwa aliwaka uso. Mimi akanifukuza niende zangu, Kareli akaamriwa alale misheni. Jioni nikamwona tena mlangoni na mfuko wake, na Zaina alikuwa ameshamwekea chakula. Hakuna aliyekuja kutuuliza tena. Nadhani mkubwa naye anasikia mambo yanayosemwa siku hizi, kwamba nchi itarudi mikononi mwa wenyewe.

Mchana uliofuata alikaa kwenye barza, pale pale ulipokuwa ukikaa, mimi nashona kanzu. Akaanza kunieleza habari zangu mwenyewe! Anajua baba yangu alivyoanguka kwenye pipa la mawese. Anajua bei ya samaki Nyangwe na jinsi ya kuishusha. Anajua ulivyofumba macho kwenye mtumbwi. Anasema kwao, baada ya kazi, mama yake na dada zake walikuwa wakikuzunguka jikoni, na wewe unasimulia Kasongo mpaka mkate unaungua. Unaimba. Unaigiza sauti ya Mgiriki. Dada yake mkubwa alicheka mpaka akalia, na siku ulipoondoka alilia bila kucheka.

Kalonda, wewe ulikuwa msimuliaji! Wageni walipata sauti yako yote, na mimi niliyekushonea koti nikapewa "Zinanuka nyumba." Na koti lenyewe, anasema, baba yake hulivaa kwenda kanisani. Nilijichoma sindano kidoleni.

Kisha nikamuuliza habari za bahari. Nilimuuliza kwa kejeli, nikifikiri tutacheka pamoja. Hakucheka. Alisema mlikwenda naye kwa baiskeli, mnapeleka salamu kwa mama wa padri mmoja anayekaa pwani. Ulipoiona ulitupa baiskeli chini. Ulivua viatu, ukaingia mpaka magotini, wewe! Ulikimbia mawimbi, ukayarudia, ukapiga kelele, na mama wa padri akakungoja na chakula chake kikapoa. Na ulikuwa unaita kitu kwa lugha yetu, tena na tena, umeyapa mgongo maji, unatazama nchi kavu, machozi yanakutoka. Kareli alikishika kichwani bila kujua maana yake. Akanitamkia polepole, kwa ulimi wake mzito:

"Ramazani, kuya uone."

Akaniuliza maana yake. Nikamwambia: njoo uone. Halafu nikaingia ndani, nikamwambia Zaina natafuta vifungo.

Kwa hiyo ulikuwa unatazama. Uliona yote, na ulijua ninavyoungua, ukarudi ukanipunguzia. Maji tu. Viazi tu. Nyumba tu. Uliificha Ulaya nzima nyuma ya ujinga wa kujifanya, ili mimi nisiumie. Watu wangesema nishukuru, na labda ipo siku nitashukuru. Leo nina hasira. Nilikuwa fukara wa Ulaya, na wewe ukanihurumia kama maskini wa barabarani, bila kuniuliza. Mimi nilitaka unipe utamu wote, uniumize, nikununie wiki nzima, kisha nikuombe unisimulie upya. Na nakuonea wivu hata kwa hili: kwamba jina langu lilisikika pale pwani, na aliyelisikia ni mtoto wa mwoka mikate, mimi sikuwepo.

Tulikwenda Lusangi pamoja. Mama yako alikuwa anamenya karanga. Nilipomwambia huyu ni nani, aliweka ungo chini, akamshika kichwa kwa mikono miwili kama anayechagua papai.

"Ni wale walipatia mutoto wangu kitanda?"

"Ni wao, Mama."

"Basi na huyu ni mwanangu."

Jina hilo tangu ulipokufa alikuwa ananiita mimi tu. Nikageuka nikatazama mihogo. Lakini Kareli alipopiga magoti kaburini kwako na kuanza kusema lugha yake, haraka haraka, kama anayekugombeza, niliona kwamba naye alikuwa na kinyongo. Njiani nilimuuliza alikuwa anakuambia nini. Akasema: "Kwetu kila jioni alikuwa anasema, Ramazani angelijua hili, Ramazani angelijibu lile. Miaka hii yote nimekuonea wivu wewe."

Nilisimama katikati ya njia. Nikacheka, Kalonda, mara ya kwanza tangu daraja lile. Yeye pia akacheka, na mtu aliyepita na kuni kichwani akaona Mzungu na fundi wa nguo wameshikana mabega wanachekea vumbi.

Amerudi Kongolo. Aliponiaga alisema kitanda kipo, mama yake ananijua, nyumba zote ulizolala zitanifungulia, na ile iliyokufungia tutaipita bila kubisha hodi. Nilikwenda ofisini kuomba karatasi ya safari. Karani alinicheka: Mwislamu, tena mshona nguo, Ulaya kufanya nini? Nikamwambia kutembelea watu wangu. Akacheka tena, lakini jina aliliandika.

Sasa nakuacha upumzike, ndugu yangu. Mama yako tutamlimia mimi na mwanangu Amisi mvua zikianza, usiwe na wasiwasi naye. Na mimi nakuahidi hivi: nitafika huko, kwa karatasi za hawa au za hao watakaokuja. Nitalala walipokulaza, nitakula hivyo viazi. Nikirudi nitapitiliza mpaka Lusangi kabla sijaoga, nikae kando yako nikusimulie kila kitu: harufu, sauti, uzuri na ubaya. Sitakupunguzia hata kidogo. Nitasema mpaka na wewe, huko uliko, uone wivu.

Wako,
Ramazani