Mji wa Mlimani Umeniteka, Mume Wangu Anasema Haumtaki

Shangazi yangu wa gazetini, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana nina furaha ambayo sina pa kuiweka na nina hofu ambayo sina wa kumwambia, na vyote viwili vimenijia kwa mpigo. Mimi ni mfinyanzi, nafinyanga vyungu, mabakuli na vikombe, na mume wangu ni mwokaji mikate, mtaani kwetu wanamwita Hamira, hata mimi namwita hivyo hivyo. Tunaishi mji mkubwa wa joto huku chini, karakana yangu iko nyuma ya jiko lake la mikate, na kwa joto hili, Shangazi, vyombo vyangu vinakauka upesi mno hadi vinapasuka midomo, nalowesha magunia, nafunika, nafunua, nafunika tena kama yaya, na bado nusu ya kazi inaishia jalalani.

Basi mwezi uliopita rafiki yangu mfumaji, aliyehamia mji mmoja mdogo huko mlimani, akatualika wiki nzima. Weee! Shangazi, ule mji! Mitaa yenyewe ni ngazi, na kila ngazi imechorwa, unapanda huku unakanyaga samaki na mawingu ya rangi, hapa kuna fundi anatengeneza magitaa, pale mtu anauza vitabu huku mwenzake wa chumba cha juu anajifunza tarumbeta, na hakuna anayemwambia anyamaze. Nilimwambia muuza mboga kwamba mimi ni mfinyanzi, akaniuliza natumia udongo mwekundu au wa kijivu! Huku kwetu huwa wananiuliza kazi yangu hasa ni ipi. Jioni ya kwanza nikafinyanga mabakuli kwenye gurudumu la jirani, maongezi yakanoga, nikasahau kuyafunika, asubuhi nikakimbia nikijua nakuta vigae, nikayakuta yamekaa pale mabichi, mazima, hayana ufa hata mmoja, maana ukungu ulikuwa umeingia dirishani ukayatunza. Nililia, sikufichi.

Rafiki yangu akatupeleka kuona nyumba ya kupanga, chumba cha mbele kinatazama njia, na uani kuna kibanda chenye tanuri la kuchomea vyombo, zima kabisa. Mimi nilishaanza kupanga rafu kichwani, Hamira hata uani hakufika, yeye alikuwa anahangaika na dirisha la mbele, anamuuliza mama mwenye nyumba linafungukia nje au ndani, na kama wanafunzi wanapita pale asubuhi, maswali ambayo sikuelewa yanahusu nini, nikaona ananichelewesha tu.

Siku ya mwisho akasema atatuokea mikate ya kuaga. Nyumbani huwa anakanda unga, anaoga, anakunywa chai, akirudi unga umeumuka umejaa beseni, hana haja ya saa. Na kule akakanda, akaoga, akanywa chai, akatia kwenye oveni, kumbe kwa baridi ile unga ulikuwa bado umelala usingizi. Mkate ukatoka mgumu ajabu, rafiki yangu akauchukua akazuilia mlango, majirani waliokuja kutuaga wakacheka, na mimi nikacheka hadi nikakaa chini. Yeye hakucheka. Njiani tukirudi, nilipotaja ile nyumba akasema, "Mji wako huo haunitaki. Nenda wewe, mimi nitakuwa nakuja kukuona."

Kuniona, Shangazi! Kama mgonjwa! Na mimi nimeshampigia simu mama mwenye nyumba nikamwambia tunakuja, ametupa hadi mwisho wa mwezi, Hamira hajui. Nikishika udongo naruka kwa furaha, nikimkumbuka yeye moyo unadondoka. Je, niende peke yangu nitimize ndoto yangu, au nikae huku nikilowesha magunia hadi nizeeke?

Mama Vyungu

Shangazi anajibu:

Mwanangu Mama Vyungu, kwanza hongera. Nimesoma habari za hizo ngazi nikajikuta natafuta sweta langu, na mimi kwa magoti haya hata kibarazani kwangu napanda kwa kushikiliwa. Mfinyanzi aliyepata hewa ya kumtunzia udongo wake ana haki ya kulia na kuruka. Ruka. Ukimaliza, kaa chini nikugombeze.

Wewe una macho ya kuona ufa mwembamba kama unywele, lakini mumeo ulikuwa naye wiki nzima hukumwona. Mwokaji mikate anauliza dirisha linafungukia wapi, anauliza wanafunzi wanapita saa za asubuhi, na wewe unaniambia hukuelewa yanahusu nini? Jamani! Alikuwa anauza mikate tayari! Alishaweka meza pale dirishani na watoto alishawapanga foleni. Asiyetaka kuhama angeuliza gari la kurudi linaondoka saa ngapi. Hamira alishahamia kabla yako, wewe ukiwa uani unapima rafu.

Halafu ukamcheka. Majirani wacheke, sawa, hawamjui. Mkewe ndiye akakaa chini kwa kicheko, mbele ya watu aliokuwa anajiandaa kuwauzia. Unga umemgomea mbele ya wateja wake wa kesho, ulitaka aseme nini, asante? Wewe mji ulikupa wiki nzima na gurudumu la jirani. Yeye ulimpa mkate mmoja, na wenyewe mkautia mlangoni.

Na hilo la kumkubalia mama mwenye nyumba kisirisiri, hapo nilitamani nikuvute sikio. Umesema "tunakuja", wewe na nani? Mpigie leo hii, mwambie ulijisemea peke yako na mwenzako hajaulizwa. Nyumba ikiondoka, iondoke, mtatafuta nyingine.

Ukishakata simu, mwombe Hamira msamaha, tena kwa kuutaja huo mkate, usimzunguke kwa kumpikia kitu kitamu ukidhani ataelewa. Habari za simu umwambie wewe, asizisikie kwa huyo mfumaji wako. Akinuna, mwache anune. Kisha rudini mlimani, na safari hii wewe ukae pembeni. Yeye akande, asubiri unga hadi uumuke hata kama atamaliza birika zima la chai, siku yule jirani mwenye gurudumu akichoma vyombo auweke karibu na tanuri aone unavyopanda. Aharibu mikate mingine kadhaa, na asichekwe na mtu hadi aanze kucheka mwenyewe. Baada ya hapo akikuambia bado hataki, hilo litakuwa jibu na mtalijadili kama watu wazima. Kwa sasa hamna jibu, mna kinyongo tu.

Unaniuliza uende peke yako au ubaki. Nimeisoma barua yako mara mbili, mwanangu, na sijaona mahali ulipomwambia mumeo kwamba bila yeye huutaki huo mji. Mimi najua huutaki, ndiyo maana umeniandikia. Lakini mimi nikijua inamsaidia nini Hamira? Mwambie yeye, kwa mdomo wako, leo, kabla hajaanza kukanda unga wa kesho.