Ulikuwa Unakula Nini, Bibi?

Na hilo la macho yako mekundu, Bibi, ndilo nililotaka kukwambia siku ile ya harusi nilipokuja kuaga kaburini kwako. Lakini shangazi walikuwa wananivuta mkono, gari linapiga honi, nami nacheka na kulia kwa wakati mmoja. Nikaondoka sijamaliza. Leo Maduhu amepeleka ng'ombe lamboni, mama yake amejinyoosha kidogo kivulini, nami nimekaa nyuma ya nyumba juu ya kinu kilicholazwa, daftari liko magotini. Nina kama saa moja. Naogopa, Bibi. Acha nianze na furaha, maana nikianza na hofu sitaifikia.

Nimeolewa, Bibi! Mjukuu wako Kabula, yule uliyesema ana mdomo mrefu kuliko miguu, ni mke wa mtu. Nikiandika "mume wangu" nasimama kwanza niyasome tena, kama mwanafunzi aliyepewa chaki. Laiti ungemwona! Ni mrefu, anapita mlangoni kwa kuinama, na akirudi malishoni ananiita tangu mbali, "Kabulaaa!", mpaka wachungaji wenzake wanamzomea. Siku yangu ya kwanza kupika huku nilizidisha chumvi kwenye mlenda, ukawa haufai hata kwa ng'ombe. Alikula wote, akanywa maji nusu mtungi, akasema, "Tamu, mke wangu, ila itabidi nihamie lamboni." Wanaume wengine wakirudi mnadani wanaleta sukari na sabuni. Yeye aliniletea kioo chenye fremu nyekundu, amekifunga kwenye shati lake kisivunjike, akarudi kifua wazi. Najua ungesema nini: "Punguza, mtoto. Furaha nayo huliwa kidogo kidogo." Nashindwa kupunguza, Bibi. Nampenda mpaka naona aibu.

Kwenye kioo hichohicho ndiko nilikoona macho yangu nayo yameanza kuwa mekundu.

Huku ni Bukundi, Meatu. Miti ni michache, kwa hiyo tunapikia mavi makavu ya ng'ombe na mabua ya pamba, kama ulivyokuwa unapika wewe. Jiko halina dirisha. Mama mkwe wangu, namwita Mayu kama Maduhu anavyomwita, amepuliza moto humo tangu alipoletwa akiwa msichana. Siku niliyofika nilipiga goti kumsalimia, "Mwangaluka, Mayu," naye akainua uso. Macho yake ni mekundu kama yako. Nilimpenda palepale, na palepale nikamwogopea.

Wewe unajua kwa nini. Ila kuna usilolijua, au labda ulilijua ukanyamaza.

Unaukumbuka mwaka ule nikiwa darasa la tatu, tulipokuwa bado kijijini kwetu upande wa Maswa. Mvua ilikuja ikatudanganya, watu wakapanda, ikaondoka. Pamba ilikauka ikiwa usawa wa goti. Mahindi hayakutoa hata mbelewele. Tulibaki na michembe ya mwaka wa nyuma, vile viazi ulivyokatakata na kuvianika juu ya jiwe, na karanga zilipokwisha tukawa tunaila kwa chumvi tu, kisha bila chumvi. Ulikuwa unaniwekea bakuli, unakaa umeegemea ukuta, unanitazama. "Kula, Kabula. Mimi nimeshakula." Kila siku. Nami nilikula, Bibi, nikalamba vidole. Sikuwahi kukuona ukiweka kitu mdomoni.

Siku moja ulinituma mashineni na kibakuli cha mtama uliopewa na mtu. Wanawake walikuwa wamepanga foleni, wanalalamika njaa, kila mmoja anaeleza shida ya kwake. Nami nilitaka kuringa. Watoto wenzangu walikuwa wanaringia kaka zao walioko mjini. Mimi nilikuwa na wewe tu. Nikasema, "Sisi hatuna shida. Bibi yangu hali kabisa, wala njaa haimuumi."

Wakacheka. Mmoja akageuka polepole, "Hali kabisa?"

"Kabisa. Miezi yote hii."

Wakaacha kucheka. Nami, mtoto mjinga, nikadhani wanakustaajabia.

Mwezi ule vilizikwa vichanga viwili pale kijijini. Njaa na homa, nani asingejua? Lakini maneno ya uchawi yalikuwa yameshaanza kutembea: yule mama wa macho mekundu hali vya kwetu, wala hafi, sasa anakula nini? Hawakuja tena kuomba moto kwetu. Ukisalimia, mtu anatazama kuku. Halafu asubuhi ile tukakuta mlango wetu umechanjwa kwa panga mara tatu. Ulipitisha kiganja kwenye zile alama, taratibu, kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Ukaniambia, "Chukua madaftari yako." Basi. Uliacha shamba, uliacha ng'ombe wako mmoja na ndama wake, tukatembea mpaka barabarani.

Nilikulia Bariadi kwa sababu ya maneno yangu mwenyewe. Kwenye kile chumba cha uani kwa mjomba, mvua ikinyesha tunahamisha godoro kona hadi kona. Nilisoma mpaka kidato cha nne kwa matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kuanika, uliyouza karibu na stendi, umeshusha khanga mpaka kwenye nyusi ili watu wasione macho. Kila mteja alipoinama kukutazama usoni, mimi niliwahi kumtajia bei. Hata nikiwa na sare ya sekondari, hata siku ya matokeo. Hukuwahi kuniuliza nani alisema. Wala mimi sikukwambia, mpaka ukaugua, mpaka ukafariki, mpaka nikavaa shela.

Ni mimi niliyesema, Bibi. Haya, nimeliandika.

Sasa sikia la huku. Jirani yetu Mama Shija amefiwa na ndama wanne wiki moja. Maduhu alimwambia kwa heshima, "Hiyo ni ndigana, mama, homa ya kupe. Ndama wako hukuwapeleka josho." Akamjibu, "Ndigana ya mwaka huu ina macho mekundu, mwanangu." Kisha mjukuu wake akashikwa na degedege. Amepelekwa zahanati, anaendelea vizuri, lakini nani anasikiliza habari ya kupona?

Wiki iliyopita nilikuwa lamboni nafua. Wanawake wakanisogelea, wananichekea. "Bibi harusi, mbona unang'aa hivyo? Maduhu anakupaka nini?" Nami nikacheka, nikaona haya. Halafu Mama Shija akakaa karibu yangu kabisa, akachukua shati moja kwenye beseni langu akawa ananisaidia kufua. "Wewe ni mgeni, huna upande," akaniambia kwa sauti ya chini. "Kaya moja mnalala. Hebu tuambie. Mkweo anakula?"

Bibi, niliacha kufua.

Maana hali. Mwaka huu nao mvua imetutupa, na kila jioni Mayu ananisukumia bakuli, anasema yaleyale, kwa maneno yaleyale, "Kula, mwanangu, mimi nimeshakula." Ukweli ulikuwa mdomoni mwangu, ukweli uleule. Nikaumeza. Nikasema, "Anakula! Anakula kuliko mimi, mpaka namwonea wivu. Na macho ni moshi. Tazameni yangu."

Nikawafumbulia macho. Nilifikiri nimeshinda. Waliyatazama, mmoja mmoja, kama watu wanaotazama kidonda. Kisha Mama Shija akalirudisha lile shati kwenye beseni na kujipangusa mikono. "Ameshamrithisha. Hata miezi mitatu haijaisha, ameshamrithisha."

Hakuna aliyecheka. Nilibeba nguo bila kuzikamua, maji yakinichuruzika mgongoni mpaka nyumbani. Watu wamekubaliana kumwita mganga aje kupiga ramli mwisho wa mwezi huu. Kila mtu anajua ramli itamwangukia nani. Sasa huenda ikatuangukia wawili.

Asubuhi yake nilimweleza Maduhu yote, akiwa anakamua. Ya lamboni, na yako, na ya mashineni. Niliogopa kumtazama, nikajisemea, leo ndoa yangu imeisha, nani atakaa na mwanamke aliyemfukuzisha bibi yake? Hakuacha kukamua mpaka maziwa yakafurika kwenye kibuyu na kummwagikia miguuni. Ndipo akasema, "Ulikuwa mtoto, Kabula. Ulikuwa unamsifia." Akasimama. Akaingia jikoni, akachuchumaa, akaanza kupuliza moto.

Mwanaume jikoni, Bibi! Mayu alitoka mbio amejishika kichwa. "Toka humo! Watasema nimezaa mwanamke!"

"Waseme, Mayu. Wana mengi ya kusema, tuwaongezee."

Siku tano amepuliza yeye, asubuhi na jioni, mlango wazi, wapita njia wakimwona. Ugali wake unaweza kujengea ukuta. Siku ya sita macho yamewiva kama pilipili, akapeleka ng'ombe lamboni ameinua uso. "Na mimi nimerithishwa," akawaambia. "Anayefuata nani?" Wapo waliocheka. Mwanamke mmoja kijana alimtazama mtoto wake aliyembeba, akamfuta macho kwa pindo la khanga. Mama Shija anasema nimempa Maduhu limbwata. Siku hiyo nilicheka mpaka nikakaa chini. Sikujua kama moyo unaweza kupenda na kutetemeka kwa pamoja namna hii.

Lakini kicheko si ngao. Jana nilimpigia goti Mama Shija, "Mwangaluka, mama." Akatazama ng'ombe. Naujua ukimya huo, Bibi. Nimeukulia. Maduhu alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia," akaendelea kusuka kamba yake. Upepo ukigonga bati, naruka. Kila asubuhi nautazama mlango kwanza kabla sijaufungua, kisha nautazama kwa nje.

Tulimwomba Mayu twende kwa daktari wa macho Bariadi, akakataa kuondoka. "Nikiondoka watasema nimekimbia." Nami nilimwelewa, kwa kuwa wewe uliondoka na ndivyo walivyosema. Ulipona, lakini hukuliona tena shamba lako. Nilimwambia habari zako. Nilimwambia kila kitu, nikitazama mikono yangu, nikingoja anichukie. Nikamwambia linaloniuma kuliko yote ni kwamba mpaka leo sijui ulikuwa unakula nini.

Akacheka kidogo, Bibi. Akacheka vile mnavyocheka ninyi wazee mtoto akiuliza jambo linalojulikana.

"Maji ya michembe," akasema. "Yale tunayochemshia. Mtoto akienda shule, unakunywa yale maji yakiwa bado ya moto, unalala ubavu mpaka jua lishuke. Yana utamu kidogo. Hukujua?"

Sikujua. Nilidhani unayamwaga.

Nililia mpaka akaingia jikoni, akaniletea bakuli, akakaa karibu yangu, akakata tonge la kwanza akaliweka mdomoni mwake, mbele ya macho yangu, akatafuna, akameza. La pili akanipa mimi. Tukala hivyo mpaka bakuli likaisha. Akafuta mdomo, akasema, "Haya. Niambieni huko kwa daktari tunakwenda lini."

Tumekubaliana hivi. Hatutoroki. Maduhu amekwishatangaza mnadani, kwa sauti, kwamba anampeleka mama yake hospitali Bariadi kutibiwa macho, na mimi pamoja naye, na yeyote mwenye macho kama yetu aje tufuatane. Yule mwanamke kijana amekuja jana, kwa uani, kuuliza safari ni siku gani. Tukipata cheti cha daktari tutarudi nacho, Maduhu akisome mbele ya mkutano, kabla ya huyo mganga. Sijui kama karatasi inaweza kuzuia panga. Na kama haiwezi, mjomba ameshaniambia kwa simu kwamba kile chumba chetu cha uani hakijapata mpangaji. Nimemwomba asikipangishe kwanza. Hilo Mayu hajalijua, wala Maduhu. Nimelificha, maana nikilitamka nitakuwa nimekubali kwamba yanarudi.

Nawasikia ng'ombe, Bibi. Anarudi. Sasa hivi ataniita mbele ya watu wote, na mimi nitaitika kwa nguvu.

Kaa kwa amani huko uliko, mama yangu wa pili. Wabeja, asante kwa kila bakuli. Karatasi hii haitoshi, najua. Neno lile nililisema kwa mdomo, mbele za watu, na kwa mdomo ndivyo litakavyorudishwa. Kabla mwezi huu haujaisha nitakuja kaburini kwako huko Bariadi, mchana, na Mayu nimemshika mkono. Nitamwita mjomba na majirani wa pale uani, wote, nami nitawaambia ulikuwa unakula nini.

Mjukuu wako,
Kabula