Kitambaa Nilichokipokea kwa Mikono Miwili

Mama yangu,

Kabla hata sijakusalimia, mjukuu wako ameingia humu chumbani sasa hivi amekumbatia kandambili moja, kaisukumiza chini ya kitanda, kaniwekea kidole mdomoni ninyamaze, halafu huyo katoka. Kandambili ni ya mgeni wa chumba cha jirani, mchuuzi wa samaki wa kukausha, na boti lake linaondoka leo. Huo ndio mchezo wa Mariamu siku hizi. Ameshaona kwamba wageni wa hotelini wanalala, kukicha wanavaa viatu, na hawaonekani tena. Basi anawafichia kiatu. Hachukui jozi, anachukua cha mguu mmoja tu. Namsikia huyo mgeni uani anamhoji kama polisi, "Mariamu, mguu wangu umekwenda wapi?" Na yeye anamjibu kwa lugha ya huku kwamba mguu umekwenda kuoga. Watu wanacheka. Mimi nimeshindwa kucheka, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kamwene mama. Goti lako linaendeleaje? Najua baridi imeshaingia Mdandu, na wewe ukiambiwa ukae karibu na moto unasema kuku hawajafungiwa. Kaa, mama. Kuku watafungiwa na Yohana. Na wewe Yohana, mdogo wangu, ukiipata picha ya barua hii kwenye simu yako msomee mama taratibu, usiruke mahali hata kama utaona aibu. Ningepiga simu, lakini nikisikia tu "haloo" ya mama ninaanza kulia, na salio linaisha tukiwa tunasikilizana kwikwi.

Sisi wazima wa mwili. Mariamu amerefuka, ile sweta uliyomfumia sasa inaishia kwenye kitovu, na huku hakuna pa kuivaa. Jua la huku linakaa juu ya bati kutwa nzima, usiku unalala kama umefunikwa na mtu. Ninaota umande wa Njombe, mama. Ninaota ninakanyaga majani asubuhi miguu inauma kwa baridi, nikiamka natafuta blanketi, kumbe nimelowa jasho.

Bado nakaa hotelini kwa Mama Kumba. Nikisema hoteli usifikirie ghorofa za Makambako pale stendi. Ni vyumba vichache vya matofali, uani mchanga, kitanda, chandarua chenye viraka na ndoo ya maji mlangoni. Mto huku unafika baharini umechanika matawi mengi kama kiganja, na kijiji kiko katikati ya vidole, mikoko kila upande. Maji ya kisima yana chumvi, sabuni haitoi povu. Mimi ndiye ninayefua mashuka na kupika kwa ajili ya wageni, na Mama Kumba ananiachia chumba. Maji ya bahari yakitoka ninakwenda na wanawake matopeni kubandua chaza kwenye mizizi ya mikoko. Mara ya kwanza nilizama mpaka magotini, wakanicheka, "Tanzani, kwenu mnatembea juu ya mawingu nini?" Hilo ndilo jina langu hapa, Tanzani. Sasa nao wananisubiri, maana wanasema mikono yangu ina haraka. Ni mikono ya kuchuma chai, niliwaambia, hawakuelewa.

Unajua, mama, kwa nini nilikaa hapa na siyo kwa mama mkwe. Mume wangu Ibra aliponileta huku kwao kutoka Makambako alisema tulale hotelini kidogo tu, mpaka amalize kujenga chumba chetu kwenye kiwanja cha mama yake. Alinunua matofali, akapandisha ukuta mpaka dirishani, pesa ikakata. Samaki nao wamepungua, meli kubwa zinawachota huko nje kabla hawajafika kwenye nyavu za hapa. Ndipo alipoondoka na wenzake kwa mtumbwi kwenda kutafuta Ulaya. Hayo nilikwambia kwenye simu. Ambayo sikukwambia ni maneno yake ya mwisho. Alisema kwa Kiswahili chake kile cha stendi, "Mama Mariamu, wewe ngoja hapa hapa chumba hiki. Mtandao iko hapa. Mimi piga simu hapa." Basi mama mkwe aliponiita nihamie kwake nilikataa kwa adabu. Niliona nikihama simu itanikosa. Mama Kumba akaniambia, "Hoteli siyo nyumba, Tanzani. Mtu hakai hotelini, analala tu." Nikamjibu, basi nimelala, mume wangu atakuja kuniamsha.

Simu haijapigwa. Aliondoka mvua za huku zilipokatika, sasa wanaangalia mbingu wakingoja nyingine. Mitumbwi iliyotoka nyuma yao ilifika, vijana wakapiga simu kwao, wakatuma picha wamevaa makoti. Wa mtumbwi wa Ibra hakuna hata mmoja. Kuna anayesema wamefungwa gereza fulani. Kuna anayesema waliokotwa na meli inayokwenda mbali, watashushwa nchi nyingine. Mimi nilishika hilo la meli, mama. Nimelishika mpaka limelainika.

Sasa nikwambie kilichotokea Jumatatu, maana ndicho kimenivunja.

Nilikuwa naanika mashuka. Mama mkwe akaingia uani na wanawake wawili wa ukoo wao, wazee. Yeye huwa anakuja peke yake kumwona Mariamu, anamletea karanga, na kila mara ana utani wake, eti mjukuu wake anaota meno ya Kitanzania, marefu. Siku hiyo hakutania. Walikaa kwenye mkeka, nikawapa maji, wakanywa kidogo kidogo. Halafu akatoa kwenye kapu kitambaa cheupe kimekunjwa vizuri, akakinyoosha kwangu kwa mikono miwili, akasema, "Mwanangu, nimekuletea hiki."

Mama, wewe ndiye uliyenifundisha. Mtoto wa Kibena hapokei kitu cha mkwe amesimama, wala kwa mkono mmoja. Nilifuta mikono kwenye khanga, nikapiga goti mchangani, nikapokea kwa mikono miwili, nikainamisha kichwa. Nikamshukuru kwa lugha yao. Nikaongeza la kwangu, kwa furaha, kwa sababu hajawahi kunipa nguo. Nilisema, "Kizuri sana, mama. Kinatosha, nitamshonea na Mariamu gauni."

Wale wazee wakaangalia chini. Mama mkwe akalia. Alilia kwa sauti, yeye ambaye tangu mtumbwi uondoke hakuna aliyemwona akitoa chozi. Akanishika kichwa akakibana kifuani kwake. Mimi nikawaza amefurahi.

Walipoondoka, Mama Kumba akatoka jikoni ana mwiko mkononi. Akanitazama nilivyokikumbatia kile kitambaa, akauliza, "Umekishika mwenyewe?"

Nikasema ndiyo.

"Hukumwambia akiweke chini?"

Nikamwuliza nimwambie mkwe aweke kitu chini kwa adabu ipi. Akakaa kwenye ndoo. Akasema, "Tanzani, hicho ni cha eda. Mke anayesubiri hakigusi. Anasema, mama, kiweke mkekani, na kinakaa pale mpaka aliyekileta akirudishe mwenyewe. Anayekipokea mkononi amesema mume wangu amekufa."

Mama, nilihisi kama nimemtumbukiza mimi majini. Kwa mikono hii. Tena nimepiga goti. Na gauni la mtoto juu ya hapo.

Nilikimbia nacho kile kitambaa mpaka kwa mama mkwe. Nilikuwa nimepanga maneno njiani: mimi ni mgeni, kwetu kupokea ni heshima tu, chukua mama, sijasema amekufa. Nikamkuta wifi yangu mlangoni anapepeta mtama, akaniwekea mkono mdomoni. Akasema polepole, "Amelala." Nikachungulia. Alikuwa amelala kwa ubavu, mdomo wazi, kama mtoto aliyeshiba. Wifi akasema, "Hajalala hivi tangu kaka aondoke. Kila usiku anatoka kwenda ufukweni kusikiliza injini. Leo alirudi akasema mke wa mwanangu amekubali, sasa naweza kumwombea mwanangu. Akajilaza. Usimwamshe, wifi, nakuomba."

Nikasimama pale na kitambaa mkononi. Nikarudi nacho.

Ndipo nilipojua kitu ambacho sikuwa nimekiona. Kumbe kung'ang'ania kwangu hapa hotelini, chumba hiki, simu hii, kulikuwa kumemfunga yeye. Huku mama hawezi kumsomea mwanawe dua ya marehemu kama mke bado anamsubiri. Kwa hiyo miezi yote hii, mimi nikiwa na tumaini langu, yeye alikuwa hana ruhusa ya kulia. Na hajawahi kunilaumu. Alikuwa ananiletea mjukuu wake karanga.

Dua ni leo alasiri. Mbuzi ameshachinjwa, moshi nauona kutoka dirishani. Wamenitumia salamu nioge, nivae, watakuja kunichukua. Nikishavaa, nitahamia nyumbani kwake, nitakaa ndani miezi ya eda, sitakwenda matopeni wala hotelini. Baada ya hapo, wanasema, niko huru, nikitaka kurudi kwetu wao watanisaidia nauli kadiri watakavyopata. Ni watu wazuri, mama. Ingekuwa rahisi kama wangekuwa wabaya.

Nimekiweka kitandani hapa, kiko pembeni yangu ninapoandika. Mara mbili nimekinyoosha nikajipima. Mara mbili nimekikunja. Mchana nilimwambia Mama Kumba, nikikataa leo mbele ya watu itakuwaje? Akasema hakuna atakayenipiga wala kunifukuza. Yule mama atarudi ufukweni usiku, basi. Nikamwuliza, na nikivaa, simu nikakuachia wewe hapa penye mtandao, halafu ikaita? Hakucheka wala hakunidanganya. Alisema, "Ikiita nitakuja mwenyewe mbio, na mguu wangu huu mbovu, na nitakuvua kwa mikono yangu. Lakini Tanzani, mimi hoteli hii nimeiendesha mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Ninajua mtu anayerudi anavyokuwa kimya na asiyerudi anavyokuwa kimya."

Nikarudi chumbani. Nilijisikia kama mtu aliyemwagiwa majivu. Hata kusali nimeshindwa, mama. Ninaanza Baba yetu uliye mbinguni, nikifika kwenye mapenzi yako yatimizwe, siendelei. Ninaogopa kulitamka. Nyimbo za kwaya zimenitoka zote, nimebaki na sauti ya nne tu, ile ya akina kaka, inayovuma bila maneno.

Msalimie shangazi wa Bulongwa, mwambie dawa aliyonipa ya kifua cha mtoto ilisaidia mpaka ikaisha. Mjomba wa Ludewa kama bado anasubiri makaa ya mawe ya Mchuchuma yampe ajira, mwambie asiache kupanda mahindi. Mwalimu wa kwaya asinitoe kwenye orodha ya sauti ya kwanza, aache nafasi hata kama ni ya kusimamia tu. Bibi mzaa baba mshike miguu kwa niaba yangu. Yohana, asante kwa kusoma, na mnunulie mama mafuta ya goti.

Sasa mama, ninalokuomba ni hili, sina jingine. Nimeshaamua wakati ninaandika. Mimi nitavaa. Nitakaa kwenye mkeka pembeni ya yule mama, nitalia naye, na hakitakuwa kilio cha uongo, maana nimechoka sana na yeye amechoka kunizidi. Siwezi kumrudisha ufukweni. Lakini mimi nikivaa huku, wewe usivae huko. Usiwatangazie jumuiya. Wakija wanawake na unga na kuni zao, wakaribishe chai, waambie msiba haujafika hapa, rudini na unga wenu. Wewe hukupokea kitu mkononi. Ukitaja majina yetu jioni kwenye sala litaje na la Ibra, kati yangu na Mariamu, pale pale lilipokuwa, kama mtu aliye safarini. Mimi kuanzia leo sitaweza kulitaja hivyo mbele ya watu. Ninakuachia wewe, uniwekee. Na hata ukiniona nimerudi Makambako peke yangu na mtoto mgongoni, hata kama mimi mwenyewe nitakuwa nimechoka nikakuambia mama basi, wewe usi

Mama Kumba ananiita mlangoni, wamefika, nakuja, mama, usikubali hata mimi niku