Tumeambiwa Turudishe Mablanketi Ili Tupewe

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijavunja undugu. Mimi ni mshereheshaji, harusi za mtaa huu karibu zote nashika kipaza sauti mimi, na mto ulipobomoa ukuta wake na kuingia majumbani tukahamia kwenye madarasa ya shule ya msingi, tumebanana familia kwa familia, na waliotuletea mablanketi ni akina mama wa sokoni, waliyabeba wenyewe vichwani, hakuna ofisi iliyotutupia hata shuka. Sasa shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ndiye mtendaji wa kata, kaja juzi anachekacheka, eti Jumamosi mheshimiwa anakuja kugawa misaada, kwa hiyo tufue yale mablanketi, tuyarudishe ofisini yafungwe upya kwenye nailoni, halafu mheshimiwa atukabidhi mbele ya kamera, na mimi niongoze shukrani na vigelegele. Nikamwuliza, "Shemeji, na ukuta wa mto je? Mvua ziko njiani." Akasema, "Hayo tutaongea baadaye, usiniharibie kibarua." Mume wangu naye kanuna, ananiambia watoto wa mdogo wake wanakula kwa kazi hiyo, sema asante yaishe. Mshauri, mwanangu wa mwisho nilimtoa majini nimemshika nywele, hiyo asante nitaitoaje, na nikikataa nitaonekana nimemchongea shemeji. Nifanyeje?

Mama Vigelegele

*

Mama Vigelegele,

Pole kwa mafuriko, na pole kwa kuwa na shemeji anayetaka kukuzawadia blanketi lako mwenyewe. Pole zimeisha, sasa nisikilize.

Unaniandikia kana kwamba mheshimiwa amealikwa harusini. Serikali si mgeni wa kubembelezwa. Kodi unailipa kila ukinunua sabuni. Majirani kazi yao ilikuwa kuwafunika msilale na baridi, wameifanya. Kujenga ukuta wa mto si kazi ya wauza nyanya. Na wewe umewazoesha watu kwamba ukishapewa kipaza sauti unasifia chochote kilicho mbele yako, ndiyo maana wamekujia wewe.

Kuhusu undugu, kitakachomharibia shemeji kibarua ni uongo wake. Lakini usimvizie. Mfuate leo hii, mumeo akiwepo, umwambie usoni kwamba mablanketi hayarudi na shukrani zitakwenda kwa walioyaleta. Akitafuta mshereheshaji mwingine, wewe na wenzako wa madarasani kaeni viti vya mbele, uulize bila kipaza sauti. Sauti unayo.

Akikuachia kipaza sauti, vaa vizuri, upande jukwaani. Msalimie mheshimiwa kwa heshima zake zote. Waite akina mama wa sokoni wasimame wapigiwe vigelegele, wanastahili. Kisha uliza swali moja tu: ukuta unajengwa lini, kabla ya mvua au baada ya mazishi? Mpe kipaza sauti, ukae chini. Akianza kuzungukazunguka, mwache azunguke. Usimwokoe kwa kigelegele.