Chambo cha Juu ya Maji kwa Mwangi

Industrial Area, Doha
Ijumaa

Mwangi mdogo wangu,

Salamu kwanza, kugombezwa baadaye. Goti la Mama linaendeleaje? Na wewe, unakula vizuri ama bado ni chai na mkate? Mimi ni mzima, ila nimechoka, Mwangi, nimechoka mpaka mifupa. Tangu alfajiri nasimama getini kule Al Wukair, joto linanichemsha ndani ya yunifomu, kisha basi la kampuni linanirudisha chumbani. Hata viatu navivua kwa shida.

Sasa, mambo yako. Shangazi Wambui ameniambia kwa simu kwamba unakosa samaki wa bass kila siku, wageni wa hoteli unaowapeleka kuvua ziwani wananung'unika, na mwenye mashua ameapa kwamba Jumamosi ya wiki ijayo ukirudi mikono mitupu atampa mtu mwingine kazi. Nawe unachoomba ni nikutafutie kazi huku! Kazi gani, bwana? Ya kulinda geti?

Juzi nilipata off, nikaenda Al Sadd na Wasswa, Mganda tunayelala naye chumba kimoja. Katika duka moja nikaona chambo cha mbao kama kile cha Baba, kinene kama kidole gumba, mdomo umechimbwa kama kikombe. Nikasimama pale mpaka Wasswa akaniuliza, "Ssebo, bwana, mtu mzima unalilia mwanasesere?" Nikasema ni vumbi. Vumbi wapi! Nilikuwa nalia.

Basi nimekinunua, na Njeri, yule nesi wa kwetu anayekuja likizo, atakuletea pamoja na barua hii. Lakini usikifunge tu ovyo. Maji yakitulia kabisa, tumia kile chako chembamba kama sigara, utikise ncha ya fimbo ya kuvulia taratibu kiyumbe huku na huku. Upepo ukianza kukunja maji, ndipo ufunge hiki chenye mdomo, maana kinabwatabwata na bass anakisikia. Kivute kidogo, ukiache mpaka viduara viishe. Kwenye mafunjo na gugumaji weka chura wa mpira, ndoana zake zimefichwa, hazinasi. Jua likiwa kali, acha kabisa vyambo vya juu ya maji, bass ameshuka chini kutafuta baridi.

Lakini shida yako si chambo. Unakumbuka Baba alivyotukataza kuvuta maji yanaporuka? Bass anakuwa bado hajakishika vizuri, ukishtuka unamnyang'anya. Ndiyo maana tulikuwa tunataja kwanza watu wa nyumba yetu, polepole: Baba, Mama, Karanja, Mwangi. Kisha tunavuta. Shangazi alikusikia pale karibu na ufuo. Anasema siku hizi ni "Mama, Mwangi," halafu unavuta! Baba tumemzika, sawa, ingawa hata yeye hukupaswa kumtoa. Mimi je? Mimi nimekufa lini?

Huku hakuna anayeniita Karanja. Naitwa Sekyuriti, asubuhi mpaka jioni, na siku nyingine nageuka haraka zaidi kwa hilo kuliko kwa jina langu. Inaniuma, Mwangi. Jumamosi maji yakiruka, ututaje wote wanne, kwa sauti. Wageni wakicheka, wacheke.

Nisalimie Mama, na shangazi Wambui na samaki wake wa kukaanga, na mjomba Kimani anayeziba mashua. Usije huku.

Ni mimi kaka yako, niliye hai bado,
Karanja