Handakini, Kilomita ya Kumi na Nne

Kaka yangu mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi na wale wanangu watatu. Mimi nipo. Mwili hauna ugonjwa wa kunilaza, ila moyo haujatulia, na sababu utaiona ukisoma. Mama hajambo. Goti linamsumbua kama kawaida, lakini ulimi uko salama kabisa. Juzi alimgombeza mwenye duka mpaka akapunguziwa bei ya sabuni ambayo hata haikuwa imepanda.

Utashangaa kuletewa barua wakati simu ninayo. Kaka, nimekupigia mara nne mwezi huu, na mara zote nne nilisikia injini ya lori nyuma ya sauti yako. Nikakuuliza habari za watoto, nikaaga. Nilicho nacho si cha kumwambia mtu aliyeshika usukani. Ndiyo maana nimemtumia wifi bahasha hii, nikamwomba akupe ukiwa umekaa kwenye kochi, umeshakula.

Acha nianze na kazi, kwa sababu huko ndiko yalikotokea. Unakumbuka ulivyonicheka niliposema nitalipwa kwa kuendesha baiskeli? Uliniuliza, "Chiriku, yaani watu wazima na akili zao wakulipe uwapeleke kuchomwa na jua?" Basi huu ni mwaka wa sita nawapeleka. Njia yetu ni ile reli ya zamani. Treni ziliacha kupita kabla wewe hujazaliwa, vyuma vikang'olewa, tuta likabaki vichakani, hadi lilipofyekwa na kumwagiwa changarawe laini. Ni kilomita arobaini na mbili na hakuna gari hata moja. Kila mahali njia inapokatana na barabara zimesimikwa nguzo za chuma. Baiskeli inapita, gari linabaki. Wageni wakishavuka nguzo za kwanza hunyamaza kidogo. Nadhani ni kwa sababu wanaanza kusikia matairi yao wenyewe.

Ungeipenda, Kaka. Kuna daraja la mawe lenye matao saba, na mto chini yake. Kuna kituo kilichobaki kuta nne na dirisha la kukatia tiketi. Kuna ngome iliyobomoka juu ya kilima, ambayo nimesimulia vita vyake mara nyingi hadi najiona kama nilikuwepo. Na kwa kuwa treni haikuweza kupanda mlima mkali, njia yote ni tambarare. Hata mtu wa miaka sabini anafika bila kuhema.

Kilomita ya kumi na nne kuna handaki. Lina urefu wa mita mia tatu na themanini na limepinda katikati, kwa hiyo ukiingia huoni mwanga wa upande wa pili.

Miaka miwili iliyopita nilianza kuona kwamba nikiingia mle kutoka juani macho yangu yanachelewa. Nikasema ni kawaida, jua humpofusha kila mtu. Lakini wenzangu walikuwa wakizoea baada ya dakika moja, na mimi giza langu lilibaki pale pale. Nikanunua taa kubwa zaidi, kisha nyingine kubwa kuliko hiyo, mpaka fundi wetu wa baiskeli, ambaye hufunga msafara kwa nyuma, akaniuliza kama natafuta madini. Nikacheka naye. Taa ilinionyesha kiduara mbele ya gurudumu, na nje ya kiduara hakuna kitu. Nikaanza kuhesabu. Mizunguko arobaini ya pedali hadi kwenye kona, kisha arobaini na mitano hadi nje. Miaka miwili nimeendesha kwa hesabu, huku nyuma yangu watu wananifuata wakiamini naona.

Hata mchana mambo yalibadilika. Nilipiga vikombe kwa kiwiko. Watu walininyooshea mkono wa salamu nami nikapita, wakasema naringa. Kwa daktari sikwenda. Nilijua atakachosema kuhusu kazi, na sikutaka kukisikia.

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa na wageni wanane. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka sitini na saba, mwanamke mchangamfu, aliyejifunza upya kuendesha baiskeli kwa miezi mitatu katika uwanja wa shule aliyokuwa akifundisha. Tulipofika mdomoni mwa handaki aliniomba atangulie peke yake, aimbe mle ndani aisikie sauti yake ikimrudia. Nikamruhusu, nikamwambia atusubiri upande wa pili. Tulimsikia akiimba, kisha sauti ikapotea. Nikadhani ametoka. Nikawaongoza wengine kuingia.

Nilikuwa nimepita kona, nimehesabu mzunguko wa tatu, nilipogonga kitu. Sikuona chochote, Kaka. Si kivuli, si umbo. Nilisikia mtu akisema "Aa!" na vyuma vikalia, nikajikuta chini. Alikuwa amesimama kuokota chupa yake ya maji. Nilimvunja mfupa wa mtulinga.

Wengine walikuwa bado nyuma ya kona. Fundi alikuja mbio kutoka mwisho wa msafara, akatumulika, akaniuliza, "Hukumwona?"

Nami, kabla sijafikiri, nikajibu, "Hakuwa na taa."

Mwalimu alikuwa amelala kwenye changarawe ameshika bega. Alinisikia. Akasema kwa sauti ndogo, "Niliiwasha. Nadhani niliiwasha. Au sijui nilibonyeza vibaya?" Halafu akaniomba msamaha. Yeye aliniomba msamaha mimi.

Yule mama mwenye kampuni yetu ya baiskeli aliandika taarifa kama nilivyomweleza, kwamba mgeni alisimama gizani bila taa. Siku ya pili niliingia karakana, fundi akaiweka ile taa ya nyuma mezani mbele yangu. Kioo kilikuwa kimepasuka, lakini swichi ilikuwa kwenye kuwaka. Akaibonyeza ikazima, akaibonyeza tena ikawaka, nyekundu kabisa. Akarudi kupaka mnyororo mafuta. Nami nikatoka kama mtu aliyesahau alichofuata.

Tangu siku hiyo kila simu ikilia nashtuka. Nikiona watu wawili wanaongea ofisini, najua ni mimi. Wiki moja ikapita hivyo, ndipo nikaenda kwa daktari wa macho.

Alinikalisha mbele ya mashine, akaniambia nitazame nukta ya katikati, na kila nikiona cheche pembeni nibonyeze kitufe. Nilibonyeza mara chache, kisha nikakaa nasubiri, nikadhani mashine imepumzika. Haikuwa imepumzika. Alinionyesha karatasi: katikati peupe kama sarafu, kwingine kote peusi. Akanieleza kwamba sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga inakufa taratibu, ikianzia pembeni, na kwamba gizani ndiko mtu huanza kujijua. Dawa ya kurudisha kilichokwenda hana. Hapo katikati panaweza kudumu miaka mingi, au pasidumu. Kisha akaniuliza kama kwetu kuna mtu aliyekuwa haoni vizuri jioni. Nikajibu haraka kwamba hayupo. Nikaaga, nikafika hadi mlangoni, nikarudi nikakaa.

Kaka, mkumbuke baba. Kumbuka alivyokuwa akipamia mlango jua likianza kuzama. Alivyomwaga mchuzi mezani na mama akamwambia amekunywa. Alivyokataa kutoka nje baada ya saa kumi na mbili, nasi tukamwita mvivu. Siku ile alipoanguka mtaroni jioni akirudi kutoka kazini na asiamke tena, majirani walisema amelewa, mama akasema hivyo hivyo, nasi tukasimama msibani tumeinamisha vichwa kwa aibu. Mimi ndiye niliyepewa shati lake nilifue. Lilinuka tope na jasho tu. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikawaamini watu wazima kuliko pua yangu.

Daktari alisema ugonjwa huu hutembea ndani ya familia. Akasema ndugu zangu wote wa damu wapimwe, na wapimwe mapema. Nikamwambia ninaye mmoja tu. Akauliza wewe unafanya kazi gani. Nilipomjibu aliweka kalamu chini.

Sasa nifike ninapopaogopa. Ulipokuja mwezi wa nne ulikanyaga beseni la nguo lililokuwa katikati ya ukumbi, mchana kweupe, tukacheka sote. Jioni ulimpita mama kando ya mlango ukaendelea kumwita uani. Na wakati wa kuondoka uliniambia kwamba siku hizi hupendi kuendesha jua likishazama, kwamba taa za wenzako zinakuchoma macho na zikishapita hakuna barabara, ni weusi mtupu. Ukasema ni uchovu. Nami nikakuitikia, nikakwambia upumzike.

Nilijua si uchovu. Wakati huo nilikuwa tayari nahesabu mizunguko handakini. Ulichonieleza nilikijua neno kwa neno, kwa sababu ndicho kilichokuwa kinanitokea. Lakini ningekwambia nenda kapimwe, ungeniuliza nimejuaje, na ningelazimika kujibu. Kwa hiyo nilikufungia maandazi kwenye mfuko, nikakupungia mkono, ukaondoka na tani thelathini nyuma yako. Ya mwalimu yalinitoka mdomoni kwa hofu. Haya ya kwako niliyafanya kwa makusudi, na nimekaa nayo tangu mwezi wa nne.

Jumatatu nilikwenda nyumbani kwa mwalimu. Mkono wake bado umefungwa shingoni. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona nikikaa nitaanza kujitetea. Akaniuliza, "Kwa hiyo taa yangu ilikuwa inawaka?" Nikamwambia ilikuwa inawaka. Akaniambia kwamba wanawe wamemchukulia baiskeli, wanamwambia amezeeka, anasahau, na yeye ameanza kuamka kila asubuhi kukagua jiko kama amezima gesi. "Umenifanya niiogope akili yangu mwenyewe," akasema. Hakunifokea, na hakuniambia amenisamehe. Aliniagiza niketi, akampigia binti yake, akanipa simu nirudie maneno yale yale. Nikarudia.

Kutoka hapo nilikwenda ofisini. Mama mwenye kampuni aliichana ile taarifa akaandika nyingine, na mimi nikatia sahihi. Kuongoza msafara nimekatazwa. Fundi ndiye anayetangulia sasa. Kama nitapewa kazi ya mezani au nitaondoka, nitajua mwisho wa mwezi.

Kwa hiyo sikuombi ufanye ambalo mimi sijalifanya. Najua lori ndilo linalowalisha. Najua una safari wiki ijayo, wifi ameniambia. Nakuomba usiende. Daktari amekuwekea nafasi Alhamisi ya wiki hiyo saa tatu asubuhi. Panda basi, nitakupokea stendi. Watoto nao watapimwa baadaye, amesema haina haraka kama ya kwako. Huenda macho yako ni mazima na nimekutisha bure. Kama ni hivyo nitafurahi kuliko utakavyokasirika.

Kwa mama sijafungua mdomo. Miaka yote hii anamsema vibaya marehemu mumewe, na sina ubavu wa kumwambia peke yangu. Tutamwambia wote wawili ukifika.

Msalimie wifi, na umshukuru kwa kukufikishia. Wabusu watoto, waambie shangazi yao anawaota. Nasubiri simu yako tangu sasa. Ukitaka kunitukana nitukane, nitasikiliza hadi mwisho, mradi unitukane ukiwa nyumbani.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Chiriku